Abdirashid Khalif, Mjumbe wa Jimbo la Kaskazini

Bwana Abdirashid Khalif alikaa muda mmoja tu katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Hakushindwa kwa kura. Kiti hicho kiliachwa kitupu na watu wale wale aliokuwa akiwasemea.

Aliingia barazani baada ya uchaguzi wa 1961, kwa upande wa mashariki wa Jimbo la Kaskazini. Sisi watu wa pwani, tuliozoea kusafiri tutakako, yatupasa tukumbuke nchi ile ilivyokuwa. Ilifungwa tangu 1926. Mtu haingii wala hatoki ila kwa ruhusa ya Serikali. Chama cha vijana wa Kisomali kilipigwa marufuku mwaka 1948, na siasa haikufunguliwa tena hata 1960. Mwaka huo huo Jamhuri ya Somalia ilipata uhuru, na katika nyota ya bendera yake yenye pembe tano, pembe moja ilikuwa ni ya nchi hiyo ya Garissa na Wajir.

Khalif alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha N.P.P.P.P., kilichotaka jimbo litengwe kabla ya uhuru wa Kenya ili lijiunge na Somalia. Mwaka 1962 alikuwamo katika ujumbe uliokwenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, ambako habari ya Mwambao wetu nayo ilizungumzwa. Waziri wa Makoloni, Maudling, aliwaahidi tume ya kuwauliza wenyeji wanataka nini. Na mwenye kuahidiwa kuulizwa hudhani ameahidiwa kusikilizwa.

Tume ikaja, Mnigeria mmoja na Mkanada mmoja, wazee wakakusanyika kutoa maoni yao. Taarifa yao ya Desemba 1962 ilikiri kuwa Wasomali, walio wengi mno, walitaka kujitenga, na wasio Waislamu walitaka kubaki. Ilipofika Machi 1963, waziri aliyemfuata Maudling, Sandys, akatangaza mkoa wa saba ndani ya Kenya, makao yake Garissa. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza.

Chama cha Khalif kikaususia uchaguzi wa Mei. Hatuwalaumu kwa hasira yao, maana waliulizwa, wakajibu, jibu likawekwa kando. Lakini kususia kulikuwa na gharama yake: Desemba ilipotangazwa hali ya hatari, mkoa ule haukuwa na mjumbe wake Nairobi wa kusimama na kuuliza kwa nini. Vita vikaendelea hata mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka mwaka 1991.