Alexander Ogston

Alexander Ogston (Aberdeen, 19 Aprili 1844 – 1 Februari 1929) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa kugundua bakteria wanaoitwa Staphylococcus, ambao hadi leo ndio chanzo kikuu cha maambukizi ya mifupa.

Maisha

Baba yake, Francis Ogston, alikuwa profesa wa tiba ya kisheria katika Chuo Kikuu cha Aberdeen. Alexander alisoma tiba katika chuo hichohicho na kuhitimu mwaka 1865. Alijiendeleza pia katika Vienna, Berlin na Paris. Mwaka 1882 aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji wa Aberdeen, akashika kazi hiyo hadi 1909. Alihudumia majeruhi vitani nchini Sudan (1885) na Afrika Kusini, na alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Ugunduzi wake

Zamani hizo wagonjwa wengi walikufa baada ya upasuaji kwa sababu vidonda vilioza. Madaktari wengi waliona usaha kuwa jambo la kawaida katika kupona. Ogston alifuata mbinu za Joseph Lister za kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki, lakini alitaka kujua usaha unatokana na nini hasa.

Akiwa na maabara ndogo nyumbani kwake, alichunguza kwa hadubini usaha wa majipu. Katika majipu makali aliona bakteria wa mviringo, wengine wamejipanga kama mnyororo, wengine wamekusanyika pamoja. Katika majipu baridi, yanayokuja polepole, hakuwaona. Aliwaotesha ndani ya mayai ya kuku, kisha akawadunga wanyama, nao wakapata majipu. Alitoa matokeo hayo Berlin mwezi wa Aprili 1880. Huko yalipokelewa vizuri, lakini nchini kwake wengi walikuwa na shaka. Mwaka 1882 aliwapa wale wa mkusanyiko jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kichala cha zabibu.

Mwaka huohuo wa 1880 Louis Pasteur, nchini Ufaransa, aliona kwamba kijidudu cha majipu ya ngozi kinapatikana pia katika mifupa yenye usaha.

Jinsi bakteria hao wanavyokwepa kinga

Utafiti wa baadaye umeonyesha kwa nini ugonjwa wa mfupa ni mgumu kupona. Aina inayoitwa Staphylococcus aureus ina njia nyingi za kuukwepa mfumo wa kinga:

- Hugandisha damu na kujifunika kwa mgando huo.
- Ina protini inayoshika kingamwili kwa upande usiofaa, hivyo seli nyeupe za damu hazimtambui adui vizuri.
- Hutoa sumu zinazoua seli hizo nyeupe.
- Hujenga utando juu ya mfupa uliokufa au chuma kilichowekwa na daktari. Mfupa uliokufa hauna mishipa ya damu, kwa hiyo seli za kinga na dawa hazifiki.
- Huingia ndani ya seli za mfupa na kukua polepole sana, au hujipenyeza katika vijifereji vyembamba vya mfupa.

Kwa sababu hiyo ugonjwa unaweza kurudi baada ya miaka mingi, na mara nyingi dawa pekee hazitoshi: mpasuaji hulazimika kuondoa mfupa uliokufa.

Mwisho wa maisha

Ogston alipewa cheo cha Sir mwaka 1912. Miezi michache kabla ya kifo chake, Alexander Fleming aliona jijini London ukungu ukizuia bakteria katika sahani ya maabara. Bakteria hao walikuwa stafilokokasi. Kutokana na ukungu huo ilipatikana penisilini.

Mpaka leo bakteria aliowagundua Ogston wanaendelea kusumbua hospitali, kwa kuwa baadhi yao wamekuwa sugu hata kwa dawa hiyo.