Kiichiro Toyoda: kamyo zake za kwanza ziliharibika njiani, leo jina lake linaaminiwa kuliko gari yenyewe

Katika Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, mtu anayetafuta motokari ya kununua huuliza jina lake kabla hata ya kufungua boneti. Akisikia kwamba ni Toyota, moyo wake hutulia, hata kama gari hiyo imekwisha kutembea miaka mingi kule Japani na usukani wake uko upande wa kuume. Lakini mtu aliyeanzisha kampuni hiyo, Kiichiro Toyoda, hakuona siku ambayo dunia iliamini jina hilo. Kamyo zake za kwanza zilijulikana kwa kuharibika njiani, na alikufa mwaka wa 1952 akiwa amekwisha kuacha kiti cha mkubwa wa kampuni.

Kiichiro alizaliwa tarehe 11 Juni 1894 huko Kosai, Japani. Baba yake, Sakichi Toyoda, alikuwa mwana wa seremala aliyejulikana kwa kuvumbua mashini za kufuma nguo. Kiichiro alisomea uinjinia wa mashini katika Chuo Kikuu cha Tokyo, kisha akaingia katika kazi ya baba yake. Mwaka wa 1924 wawili hao walimaliza mashini ya kufuma iliyosimama yenyewe mara moja uzi ulipokatika, ili nguo mbovu isiendelee kufumwa. Mwaka wa 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuitengeneza. Mwaka uliofuata Sakichi akafa.

Wakati ule, kwa Wajapani gari ilikuwa kitu cha Marekani. Tetemeko la mwaka wa 1923 lilipoharibu reli za Tokyo, mji uliagiza magari ya Ford ili yageuzwe kuwa mabasi. Ford ikafungua kiwanda Yokohama mwaka wa 1925, na General Motors ikafungua chake Osaka mwaka wa 1927. Mfanyabiashara mwenye mizigo alijua majina mawili, Ford na Chevrolet. Gari iliyotengenezwa na Wajapani ilikuwa kitu cha kujaribisha, si cha kutegemea.

Mwaka wa 1933 Kiichiro alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mashini za kufuma. Yeye na mafundi wake walinunua Chevrolet moja, wakaifungua yote, wakachora kila kipande. Kuona namna motere ilivyotengenezwa na Wamarekani kulikuwa rahisi kuliko kuitengeneza. Chuma walichomimina kwa ajili ya motere kilitoka na nyufa mara nyingi, kikatupwa, kazi ikaanza upya. Motere ya kwanza ilimalizika mwaka wa 1934.

Mwezi wa Novemba 1935 walionyesha kamyo yao ya kwanza, G1, katika mji wa Tokyo. Waliiuza kwa bei ya chini kuliko zile za Marekani, hata chini ya feza zilizotumika kuitengeneza. Haikuchukua muda, wanunuzi wakaanza kulalamika. Kamyo zilisimama barabarani zikiwa na mizigo, na sehemu ya nyuma inayobeba magurudumu ilivunjika mara kwa mara. Kila kamyo iliyosimama njiani iliongeza nguvu ya neno lililokuwa katika vinywa vya watu, kwamba Mjapani hawezi kutengeneza gari.

Kiichiro hakujibu kwa matangazo tu. Kampuni ilimchukua Shotaro Kamiya, aliyekuwa akifanya kazi General Motors huko Japani na aliyejua namna ya kuuza magari. Kamyo za kwanza ziliuzwa kwa wateja wa karibu na kiwanda, ili fundi aweze kufika upesi. Zilizoharibika zilitengenezwa bure, na Kiichiro mwenyewe alikwenda kuangalia kipande kilichovunjika. Ubaya ulioonekana ulirudishwa kwa wachoraji, na kamyo zilizofuata zikatengenezwa kwa namna nyingine. Ilikuwa fikra ile ile ya mashini ya kufuma: ubaya ukionekana, kazi isimame, sababu itafutwe.

Mwaka wa 1936 kampuni iliomba watu wapendekeze alama ya magari yake. Mapendekezo karibu 27,000 yalifika. Jina la jamaa, Toyoda, likageuzwa kuwa Toyota, kwa sababu lilisikika vizuri zaidi na kwa maandishi ya Kijapani lilikuwa na mistari minane, hesabu inayofikiriwa kuwa ya baraka. Mwaka wa 1937 Toyota ikawa kampuni yenye kusimama peke yake. Rizaburo, shemeji ya Kiichiro, alikuwa mkubwa wa kwanza, na Kiichiro alishika kiti hicho mwaka wa 1941.

Vita vilirudisha kazi nyuma. Kiwanda kiliamriwa kutengeneza kamyo za jeshi la Japani kwa vifaa haba, nyingine zikitoka na taa moja tu ya mbele. Baada ya vita, uchumi wa Japani ulibanwa, wateja wakashindwa kulipa deni zao, na mwaka wa 1949 Toyota ilikaribia kuanguka. Kiichiro alikuwa ameahidi wafanyakazi kwamba hatawafukuza. Lakini ili benki zikubali kukopesha, ilibidi kazi zipunguzwe. Wafanyakazi wakagoma. Mwezi wa Juni 1950 Kiichiro aliacha kiti chake, akibeba mzigo wa ahadi iliyovunjika. Wafanyakazi zaidi ya 2,000 nao wakaondoka.

Kabla ya mwezi huo kwisha, vita vya Korea vikaanza. Jeshi la Marekani likaagiza kamyo kwa Toyota, na kampuni ikaokoka. Mwaka wa 1951 gari yake mpya ya milima ilipanda mlima Fuji hadi kituo cha sita. Ndiyo iliyopewa jina la Land Cruiser mwaka wa 1954. Kiichiro aliombwa arudi kuongoza, akakubali, lakini alikufa tarehe 27 Machi 1952 kabla ya kurudi, akiwa na miaka 57.

Hata baada yake, sifa haikuja mara moja. Gari ya Crown iliyopelekwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 ilishindwa na barabara za mwendo wa kasi, na biashara yake ikasimamishwa. Ilibidi miaka mingi ya kutengeneza na kurekebisha ili Wamarekani wabadili fikra zao.

Walipobadili, walibadili kabisa. Mwaka wa 1984 Toyota na General Motors zilianza kufanya kazi pamoja katika kiwanda kimoja cha Fremont, California. Baadaye, mikono ile ile ilitengeneza humo gari mbili zilizokaribia kuwa moja: moja ikiitwa Toyota Corolla, nyingine Geo Prizm, jina la General Motors. Wanunuzi walilipa zaidi kwa Corolla, na Prizm ilishuka bei upesi zaidi ilipouzwa mara ya pili. Miaka zaidi ya 50 mbele yake, Kiichiro alikuwa amefungua Chevrolet ili ajifunze. Sasa Mmarekani alilipa zaidi ili asinunue gari yenye alama ya Kimarekani, ingawa vyuma vya ndani vilikuwa karibu sawa.

Basi jina hueleza namna magari ya kampuni yalivyofanya kazi miaka iliyopita. Halielezi kama gari hii moja iliyo mbele ya mnunuzi ilimwagiwa mafuta kwa wakati wake, kama iligonga, ao kama vipande vyake vilibadilishwa kwa vya uongo. Mwaka wa 1935 Kiichiro hakuwa na jina la kujificha nyuma yake. Alikwenda mwenyewe kutazama kilichovunjika, na fundi wa Goma ao Butembo anaweza kufanya hivyo kabla mteja hajatoa feza zake.