Pete Maravich: Nyota wa vikapu aliyekosa mshipa wa moyo

MCHEZAJI anapoanguka ghafla uwanjani na kukata roho, iwe ni Musanda katika Kaunti ya Kakamega au kwingineko nchini, minong'ono ya uchawi huweza kuitangulia ripoti ya daktari. Maiti ikizikwa bila kuchunguzwa, jamaa na majirani hubaki wakitazamana kwa shaka. Ndiyo maana maisha ya Mmarekani Pete Maravich, aliyefariki mwaka wa 1988, yangali na funzo kwetu.

Maravich alizaliwa Juni 22, 1947 mjini Aliquippa, jimbo la Pennsylvania. Babake, Press, mkufunzi wa mpira wa vikapu mwenye asili ya Kiserbia, alimtia mpira mkononi angali mtoto mdogo. Tangu hapo kijana huyo hakutengana nao. Hata katika ukumbi wa sinema alichagua kiti cha kando ya njia ili apate nafasi ya kuudundisha.

Katika Chuo Kikuu cha Louisiana State, chini ya ukufunzi wa babake, alifunga pointi 3,667 katika mechi 83 kati ya 1967 na 1970. Huo ni wastani wa pointi 44.2 kwa mechi, na wakati huo hakukuwa na mtupo wa pointi tatu. Mnamo 2023, Antoine Davis alikosa pointi tatu tu kuifikia rekodi hiyo ya wanaume, licha ya kucheza misimu mitano.

Maravich alijiunga na Atlanta Hawks katika ligi ya kulipwa ya NBA mwaka wa 1970, kisha New Orleans Jazz mwaka wa 1974. Usiku wa Februari 25, 1977 aliwafunga New York Knicks pointi 68 peke yake. Jeraha la goti alilopata mwaka uliofuata lilififisha nyota yake, na akastaafu mwaka wa 1980 akiwa na Boston Celtics. Baadaye aliokoka na kuhubiri Injili. Mwaka wa 1987 alitawazwa katika Ukumbi wa Magwiji. Mwaka huo huo alimzika babake.

Januari 5, 1988, akicheza na marafiki katika ukumbi wa kanisa mjini Pasadena, California, alianguka muda mfupi baada ya kuwaambia kwamba anajisikia vyema. Hakuinuka tena. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Uchunguzi wa maiti ulifichua jambo lililowastaajabisha madaktari. Kwa kawaida moyo hulishwa damu na mishipa miwili inayochipuka kwenye shina la mshipa mkuu, mmoja kushoto na mwingine kulia. Maravich alizaliwa bila ule wa kushoto. Mshipa wa kulia ulitanuka ukabeba mzigo wa miwili, na kwa miaka yote hiyo ya mbio na kuruka hakuna aliyegundua.

Kasoro za mishipa hiyo hukadiriwa kumpata takriban mtu mmoja kati ya mia, na wengi wao huzeeka bila kudhurika. Hatari huzidi pale mshipa unapochipuka upande usio wake na kupita katikati ya mishipa mikubwa miwili, ambapo unaweza kubanwa wakati wa mazoezi makali. Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo huenda kisionyeshe lolote. Picha za moyo ndizo hufichua.

Kwa hiyo, kijana anayeumwa kifua au kuzirai akiwa mbioni asiambiwe ajikaze kiume. Apumzishwe na kupelekwa hospitalini. Na iwapo mauti yatatangulia, familia ikubali maiti ichunguzwe. Uchunguzi hautamrudisha marehemu, lakini unaweza kumwokoa nduguye aliyezaliwa na kasoro ya moyo, na kumwondolea jirani lawama isiyo yake.