Maisha ya Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, na Shukrani ya Aliye Peke Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ewe ndugu yangu, wako wengi hapa Kawe walioacha kwao, Mafia, Kilwa, Tanga au Pemba, wakaja kutafuta riziki. Mtu hurudi chumbani baada ya Isha, asipate wa kumwitikia salamu; moyo ukaingia dhiki, akadhani Mola wake amemsahau. Kwa ajili ya huyo naandika khabari ya mwanachuoni wa pwani yetu aliyetengwa na watu wake mara mbili, utotoni na uzeeni.

Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1825, wakati jamaa zake walipokuwa ndio watawala wa mji. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan akaitwaa Mombasa na Ngome yake. Wakubwa wa ukoo wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena. Wengine wakahamia Gazi na Takaungu. Ali, mtoto wa miaka 12, akachukuliwa na baba yake hata Makka. Mji, jamaa na heshima, vyote vilimwondokea kwa mara moja. Lakini ugenini huko ndiko alikoipata elimu, akasoma miaka mingi katika madhehebu ya Imamu Shafii. Aliporudi Mombasa akashika ukadhi na kusomesha watu.

Mwaka 1887, umri wake umepita miaka 60, Sayyid Barghash akamtia gerezani kwa sababu ya khitilafu za madhehebu. Mtu aliyezoea darasa na hukumu akatengwa na wanafunzi wake na watu wa nyumba yake. Barghash akafariki Machi 1888, na Sayyid Khalifa bin Said aliyemfuata akamfungulia.

Sasa tazama, ndugu yangu. Mwaka 1891, miaka mitatu baada ya kufunguliwa, Sheikh Ali alipata mtoto, naye ndiye Sheikh al-Amin. Baba akafariki mwaka 1894, mtoto angali mdogo. Yatima yule akalelewa katika elimu na jamaa zake, akatoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah, akaandika dini kwa Kiswahili chetu, na tangu 1937 hata kufa kwake mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Usiku ule wa gerezani neema hii ilikuwa haijaonekana na jicho lolote. Basi mwenye kukata tamaa katika dhiki yake ni kama mwenye duka afungaye hesabu kabla jahazi lake halijatia nanga.

Imamu Ghazali, katika kitabu cha subira na shukrani kilichomo ndani ya Ihyaa, amebainisha kwamba shukrani ina sehemu tatu: kujua kuwa neema yatoka kwa Mungu, kuifurahia moyoni, na kuitumia katika yanayomridhi. Upweke huvunjika zaidi kwa sehemu ya tatu. Kuhesabu neema umejifungia ndani hakutoshi. Ukihesabu kuwa una miguu, mwendee mgonjwa. Ukihesabu kuwa wajua herufi, mfundishe mtoto wa jirani. Sheikh Ali aliyapata Makka ya kusoma, akaja kuyatoa Mombasa.

Wala usidhani kuwa mwenye kulia si mwenye kushukuru. Nabii Yaakub alilia hata macho yake yakawa meupe, na hakuacha kumtaraji Mola wake. Na Nabii Yusuf, alipokutana na wazazi wake na ndugu zake, alitaja wema wa Mungu katika kumtoa gerezani, na kisima hakukitaja, wasije ndugu zake wakaona haya. Hiyo ndiyo adabu ya mwenye kushukuru: huitaja neema, na chuki huiacha.

Basi, ewe uliye peke yako, usiku wa leo kabla ya kulala taja neema tatu kwa majina yake, na kesho, kabla jua halijatua, moja katika hizo mfikishie mtu mwingine. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Ali na mwanawe, na atujaalie sisi na nyinyi katika wenye kushukuru. Amin.