Norman Manley: Aliwauliza wananchi kama wabaki kwenye shirikisho, wakamjibu hapana

Ukitua Kingston, mji mkuu wa Jamaica, uwanja wa ndege unaokupokea unaitwa Norman Manley. Lakini siku Jamaica inapata uhuru, Agosti 6, 1962, Manley hakuwa Waziri Mkuu. Alikuwa kiongozi wa upinzani, na kilichomfikisha hapo kilianza na kura aliyoiitisha mwenyewe.

Swali la kura hiyo lilikuwa moja: Jamaica ibaki ndani ya Shirikisho la West Indies, au itoke?

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Alizaliwa Julai 4, 1893, sehemu inayoitwa Roxborough, Manchester (ya Jamaica, siyo ile ya mpira). Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mazao na alifariki Norman akiwa bado mdogo. Mama yake alifanya kazi posta huku akilea watoto.

Shuleni alikuwa hakamatiki kwenye mbio. Mwaka 1911 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10, rekodi ya wanafunzi wa Jamaica iliyodumu miaka 41. Kumbe mambo ya Usain Bolt yana mizizi mirefu.

Mwaka 1914 alipata ufadhili wa Rhodes, akaenda Oxford kusoma sheria. Vita Kuu ya Kwanza ikamkatiza, akajiunga na kikosi cha mizinga na kurudi na medali ya ushujaa. Mdogo wake, Roy, hakurudi. Aliuawa vitani mwaka 1917.

Alimuoa binamu yake Edna, mchongaji sanamu, mwaka 1921. Mwaka uliofuata wakahamia Jamaica, na baada ya muda hakukuwa na wakili mwenye jina kubwa kama lake kisiwani.

Siasa ilimkuta mwaka 1938. Wafanyakazi wa mashamba ya miwa waligoma, Frome watu wakauawa kwa risasi, makuli wa bandari ya Kingston nao wakaweka kazi chini. Aliyekuwa mbele ya wafanyakazi ni Alexander Bustamante, ambaye pia alikuwa binamu wa Manley. Alipokamatwa, Manley ndiye aliyehangaika hadi akaachiwa. Septemba mwaka huohuo Manley akaanzisha chama cha PNP.

Undugu haukuzuia kitu. Mwaka 1943 Bustamante akaunda chama chake, JLP, na kuanzia hapo siasa za Jamaica zikawa vita ya binamu wawili. Mmoja anapanga hoja kama yuko mahakamani, mwingine anajua kuongea na mtu wa shamba. Uchaguzi wa 1944, wa kwanza kwa watu wazima wote kupiga kura, Manley alipoteza hata jimbo lake. Alisubiri hadi 1955 kuongoza serikali.

Visiwa 10, nyumba moja

Januari 1958, makoloni 10 ya Uingereza yaliyoko Karibea yaliungana kuwa shirikisho moja. Makao makuu yalikuwa Trinidad, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Jamaica. Lengo lilikuwa kupata uhuru kwa pamoja na kujenga soko moja, kwa sababu visiwa vidogo vikisimama kimojakimoja vingepata shida kusikilizwa na dunia.

Manley aliamini jambo hilo kwa dhati, na chama chake kilikuwa sehemu ya muungano wa vyama ulioshinda uchaguzi wa shirikisho. Wengi walitegemea yeye ndiye angekuwa Waziri Mkuu wa kwanza. Akakataa kugombea, akabaki nyumbani, na kiti kikaenda kwa Grantley Adams wa Barbados.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo shirikisho lilipoanza kuvuja. Unawaambia watu wako nyumba mpya ni nzuri, halafu wewe mwenyewe huhamii. Yeye aliona Jamaica bado inamhitaji, na huenda alikuwa sahihi, maana kwenye uchaguzi huohuo wa shirikisho upande wa Bustamante ulipata viti vingi zaidi ndani ya Jamaica.

Malalamiko yakafuata haraka. Jamaica ilikuwa na zaidi ya nusu ya watu wote wa shirikisho, lakini ilipewa viti 17 kati ya 45. Trinidad ilitaka serikali kuu yenye nguvu na umoja wa forodha unaoeleweka. Jamaica ilitaka serikali kuu nyepesi, kwa sababu viwanda vyake vichanga vilikuwa vikilindwa kwa ushuru, na kuuondoa ushuru huo kungeviua. Kuhusu watu kuhama kisiwa kimoja kwenda kingine, Trinidad ndiyo iliyoogopa kufurika wageni.

Kisha Adams akadokeza kwamba siku moja shirikisho lingeweza kutoza kodi, tena ya kurudi nyuma. Jamaica ikachemka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii si lugha ngeni. Nani anafaidika, nani anabeba mzigo: ndiyo maneno yaliyoisindikiza jumuiya yetu ya kwanza hadi ikavunjika mwaka 1977.

Kura ambayo hakulazimika kuiitisha

Mei 1960 Bustamante alitangaza kuwa chama chake hakitaki tena shirikisho. Huyu ni mtu aliyekuwa amekaa kwenye vikao vya kuliunda. Manley alikuwa na wabunge wa kutosha kumpuuza, na hakuna sheria iliyomlazimisha kufanya lolote. Badala yake akatangaza kuwa wananchi wenyewe wataamua.

Hakukaa kusubiri. Mwaka 1961 alikwenda London kwenye mazungumzo ya katiba na kurudi na karibu nusu ya viti vya bunge la shirikisho kwa Jamaica, pamoja na ulinzi kwa viwanda na kodi zake. Kwenye karatasi alikuwa ameshinda. Ila kampeni haikuchezwa kwenye karatasi.

Bustamante alikuwa na ujumbe mfupi: mtalipa nyinyi, watakula wao. Manley alikuwa na maelezo marefu kuhusu masoko, gharama za ubalozi na uzito wa nchi ndogo duniani. Waliofuatilia Waingereza wakibishana kuhusu kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016 watautambua mchezo huu.

Septemba 19, 1961, watu takriban sita kati ya kila 10 walioandikishwa walipiga kura. Waliotaka kubaki walikuwa 217,319. Waliotaka kutoka, 256,261. Kingston ilitaka kubaki, lakini vijijini wakasema basi, inatosha.

Manley hakutafuta njia ya kuzunguka. Aliyakubali matokeo, akaanza kazi ya kuipeleka Jamaica kwenye uhuru peke yake, na mwanzoni mwa 1962 alikaa London meza moja na Bustamante kukamilisha katiba.

Kisha akafanya jambo ambalo wanasiasa wengi wasingethubutu. Muda wake madarakani ulikuwa bado, lakini aliona wananchi wana haki ya kuchagua nani awapokelee uhuru. Uchaguzi ukafanyika Aprili 10, 1962. JLP ikapata viti 26, PNP 19. Bendera ya Uingereza iliposhushwa, Waziri Mkuu alikuwa binamu yake.

Shirikisho lenyewe halikuishi kuona siku hiyo. Eric Williams, kiongozi wa Trinidad, alipiga hesabu yake maarufu kwamba kumi ukitoa moja inabaki sifuri, naye akaitoa nchi yake. Mei 31, 1962 shirikisho likavunjwa rasmi, miaka minne tu tangu lianze.

Manley aliongoza upinzani hadi mwanzoni mwa 1969, afya ikiwa imedhoofu. Uongozi wa chama ukaenda kwa mwanawe Michael, yule ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu na rafiki wa Mwalimu Nyerere. Norman alifariki Septemba 2, 1969, akiwa na miaka 76. Yeye na Bustamante walipewa hadhi ya shujaa wa taifa mwaka huohuo.

Kabla hajafa aliona visiwa vikianza kurudiana, safari hii kupitia biashara tu: mwaka 1968 Jamaica ilijiunga na eneo huria la biashara la Karibea. Miaka mitano baadaye, viongozi wa Barbados, Guyana, Jamaica na Trinidad walikutana Chaguaramas, Trinidad, kusaini mkataba wa jumuiya ya CARICOM, yenye soko la pamoja lakini bila bunge la shirikisho wala Waziri Mkuu mmoja. Aliyesaini kwa niaba ya Jamaica ni Michael Manley. Tarehe iliyochaguliwa ilikuwa Julai 4, siku aliyozaliwa baba yake.