Fundi wa Bodi wa Greenfield: Maisha ya Frederick Patterson



Ukurasa huu ni wa watu waliofanya jambo la maana kwao walikozaliwa. Safari hii tunakwenda mbali, mpaka Marekani, katika mji mdogo wa Greenfield, jimbo la Ohio, kumtazama Frederick Douglas Patterson. Wanaomjua humkumbuka kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kumiliki kampuni ya kutengeneza magari. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini mimi ni mhasibu, na ukipitia maisha yake kwa jicho la hesabu unaona kwamba magari hayo yalidumu miaka michache tu. Kilichoendelea kuilisha familia ni kazi isiyo na makuu: kuunda bodi za mabasi na malori juu ya chasisi zilizotengenezwa na wengine.

Frederick alizaliwa mwaka 1871. Baba yake, Charles Richard Patterson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia mwaka 1833. Familia ilipofika Greenfield ilikuta mji wenye wakazi wengi waliouchukia utumwa, ambao walikuwa wakiwaficha na kuwasafirisha watumwa waliotoroka kutoka kusini. Hapo Charles akajifunza uhunzi, akaajiriwa katika karakana ya magari ya kukokotwa na farasi, akapanda cheo hadi kuwa msimamizi. Mwaka 1873 aliingia ubia na mfanyabiashara mweupe, J. P. Lowe, wakaunda magari ya farasi pamoja kwa miaka 20. Mwaka 1893 Charles alinunua hisa za mbia wake na kubaki mmiliki pekee. Ulikuwa mwaka mgumu, kwani mamia ya mabenki ya Marekani yalifungwa mwaka huo. Yeye alipandisha kibao kipya, C. R. Patterson & Sons, yaani Patterson na Wanawe. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 karakana ilikuwa na aina 28 za magari ya farasi, na kimojawapo kilichopendwa sana ni kigari chepesi cha madaktari waliokwenda kutibu wagonjwa majumbani.

Frederick hakulelewa ili arithi nyundo. Alipelekwa shule, akafika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na mwaka 1891 akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi kuichezea timu ya chuo hicho mpira wa miguu wa Kimarekani. Baadaye aliondoka akaenda kufundisha shule mjini Louisville, Kentucky. Kwa kijana mweusi wa wakati ule, ualimu ulikuwa kazi ya heshima na mshahara wa uhakika. Aliyekaa nyumbani kumsaidia mzee ni kaka yake, Samuel. Samuel akaugua, kisha akafariki. Baba alikuwa anazeeka, na karakana ilihitaji mtu. Frederick aliacha ualimu akarudi Greenfield.

Uamuzi huo ndio unaonifanya nimwandike humu. Alikuwa na elimu, kazi na maisha ya mjini, na hakuna ambaye angemlaumu kama angekuwa anatuma fedha tu nyumbani. Alirudi kushika biashara, akajifunza kuuza na kuendesha. Mwaka 1901 alimwoa Estelline Postell, wakapata watoto wawili wa kiume. Alijiunga pia na umoja wa wafanyabiashara weusi ulioanzishwa na Booker T. Washington mwaka 1900, akawa mmoja wa viongozi wake. Mzee Charles alipofariki mwaka 1910, kampuni yote ikawa mikononi mwa Frederick.

Aliirithi katika wakati mbaya. Magari ya injini yalikuwa yanaongezeka barabarani, na kila aliyenunua gari alikuwa mteja mmoja aliyepotea kwa watengenezaji wa magari ya farasi. Karakana nyingi za aina hiyo zilifungwa. Frederick alianza kwa tahadhari. Kwanza karakana ilipokea magari ya watu kwa matengenezo: kupaka rangi, kushona viti upya, halafu kugusa umeme na injini. Kwa njia hiyo mafundi wake walijifunza gari la injini kwa fedha za mteja, kabla kampuni haijatia mtaji wake kwenye kitu isichokijua.

Septemba 1915 gari la kwanza la Patterson-Greenfield lilitoka karakanani. Lilikuwa na injini ya silinda 4, lilikuwa gari zuri, na bei yake ilikuwa dola 850. Hapo ndipo hesabu ilipokataa. Mwaka huohuo gari la Ford Model T liliuzwa chini ya dola 500. Tangu 1913 Henry Ford alikuwa akiunganisha magari kwenye mstari unaotembea, na muda wa kuunganisha chasisi moja ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Karakana ya Greenfield iliunda gari moja moja, kwa mikono ya mafundi, na ilinunua injini kutoka nje. Ubora wa ufundi haukuweza kuziba pengo hilo la gharama. Makadirio ya juu kabisa yanasema magari ya Patterson hayakuzidi 150, na leo halijulikani hata moja lililosalia.

Wengine wangeng'ang'ania jina, wakakopa na kuzama nalo. Frederick alijiuliza swali ambalo kila mwenye biashara ndogo anapaswa kujiuliza: ni sehemu gani ya kazi hii tunaijua sisi kuliko wao? Jibu lilikuwa karakanani mwake tangu enzi za baba yake. Viwanda vikubwa vilikuwa hodari kutengeneza injini, magurudumu na fremu. Lakini lori la mwoka mikate halifanani na lori la kuhamisha samani, wala basi la shule halifanani na gari la kubebea maiti. Chasisi ni ileile. Kinachotofautiana ni bodi. Na bodi za wakati ule zilikuwa kiunzi cha mbao ngumu, mabati juu yake, viti, madirisha na rangi. Hiyo ni kazi ya seremala, mhunzi, mshona viti na mpaka rangi, mafundi walewale waliokuwa wakiunda magari ya farasi.

Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ikajulikana kwa jina la Greenfield Bus Body Company. Ilipokea chasisi za Ford, za General Motors na za wengine, ikazijengea bodi. Ford, ambaye miaka michache nyuma alikuwa mshindani aliyewashinda, sasa akawa anawaletea kazi: kila chasisi tupu aliyoiuza ilihitaji mtu wa kuivisha. Bahati nyingine ilitoka vijijini. Ohio ilikuwa inafunga shule ndogo za darasa moja na kuwakusanya watoto katika shule kubwa, na watoto wa mbali walihitaji usafiri. Mabasi ya shule yakawa bidhaa kubwa ya Greenfield. Ndani ya karakana mafundi weusi na weupe walifanya kazi pamoja, katika nchi ambayo sehemu zake nyingi zilikuwa zinawatenganisha hata kwenye viti vya basi.

Wasomaji wetu wataielewa kazi hii bila maelezo mengi. Mabasi mengi ya kwetu yameanza vivyo hivyo: chasisi ikaingizwa nchini, bodi ikaundwa na mafundi wa hapa.

Frederick alifariki mwaka 1932, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, na biashara ikaendelezwa na watoto. Wakati huo ufundi wenyewe ulikuwa unabadilika tena. Mwaka 1927, katika jimbo la Georgia, Albert Luce alikuwa ameunda basi la shule lenye bodi ya chuma, baada ya kuona bodi ya mbao ikilegea na kuachana kwenye barabara mbovu. Familia yake nayo ikakuza kampuni ya bodi, Blue Bird. Kufikia miaka ya 1930 soko lilitaka chuma. Kutoka mbao kwenda chuma si suala la ufundi peke yake. Panahitajika mashine kubwa za kukunja na kubonyeza, na mashine hizo zinahitaji mtaji. Kwa kampuni ya familia ya watu weusi, katika mji mdogo, enzi ya ubaguzi, na mabenki yenyewe yakiwa hoi, mkopo wa namna hiyo ulikuwa mgumu kupatikana.

Mwaka 1938 familia ilihamishia kampuni Gallipolis, mji mwingine wa Ohio, na kuipa jina la Gallia Body Company. Haikuinuka. Mwaka 1939 ilifungwa kabisa. Tukihesabu tangu ubia wa 1873, ilikuwa imedumu miaka 66 na kupita vizazi vitatu. Mwaka 2021 majina ya Charles na Frederick yaliingizwa katika jumba la heshima la magari la Marekani, karibu na yale ya akina Ford waliowauzia chasisi.

Familia hii ilivuka mtikisiko wa benki, ikavuka kifo cha farasi kama biashara, ikavuka hata kushindwa kwa gari lake yenyewe. Ilivuka kwa sababu ufundi ulikuwepo, na kwa sababu kila zamu alikuwepo mtu aliyekubali kukaa au kurudi. Ilipokwama, ilikwama mahali pamoja: ufundi ulikuwepo, wateja walikuwepo, mtaji wa mashine haukuwepo. Katika vitabu vya hesabu pengo la namna hiyo ni mstari mmoja tu, lakini Greenfield lilikuwa karakana nzima.

Kwetu mafundi wapo. Kila mmoja wetu anayerudi nyumbani mwisho wa mwaka anawaona wakichomelea chini ya mwembe, kwa mashine ya kukodi. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Unapojaza fomu ya ahadi iliyo katika kijarida hiki, mkumbuke mwalimu yule wa Louisville aliyefunga sanduku lake akarudi Greenfield. Si lazima sote turudi. Ila waliobaki wasikwame kwa kukosa kile ambacho sisi tunaweza kukituma.