Miskawayh, Mkutubi wa Rayy

Safari hii tumemchagua Abu Ali Miskawayh, mwanachuoni aliyefariki mwaka 421 Hijria (1030). Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha Tahdhib al-Akhlaq. Sisi tunamtaja kwa kazi yake ya ukutubi.

Alianza Baghdad kwa waziri Al-Muhallabi. Waziri huyo alipofariki mwaka 352 Hijria (963), Miskawayh alihamia Rayy, karibu na Tehran ya leo, akakabidhiwa vitabu vya waziri Ibn al-Amid. Vilizidi mizigo 100 ya ngamia, vyote vya kuandikwa kwa mkono. Sisi hapa Tunduma tuna kabati moja tu, na bado juzuu zinapotea!

Hakuwa amekaa sana pale. Mwaka 355 Hijria (966) wapiganaji wa kujitolea kutoka Khurasan walifika Rayy wakidai fedha za kwenda kupigana na Warumi. Ukazuka ugomvi, wakaivamia nyumba ya waziri na kuikomba. Waziri aliporudi usiku hakukuta pa kukalia wala chombo cha kunywea maji. Alipomwona mkutubi wake, aliuliza kwanza habari za vitabu. Miskawayh akamjibu kuwa vipo salama, havikuguswa. Uso wa waziri ukakunjuka, akasema mali nyingine zote hupatikana tena, ila hivyo havina badala. Asubuhi vikahamishiwa mahali pengine.

Habari hii aliiandika Miskawayh mwenyewe katika kitabu chake cha historia, Tajarib al-Umam.